Risala ya Kikundi cha Programu Huria za Hisabati kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walezi wetu, wageni waalikwa na wanakikundi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja, maana kazi yetu haina cha kupanga mezani ukakitazama. Sisi huwinda makosa ndani ya programu huria za hisabati kama SageMath, Maxima na PARI/GP, ambazo msimbo wake, yaani maagizo yanayoziendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha.

Mheshimiwa, programu ikigoma, kila mtu huona. Ya kuogopwa ni ile inayotoa jibu baya bila hata kukohoa. Mwaka huu tuliiomba programu moja itafute eneo lililo chini ya grafu ya 1/(2 + cos x), kuanzia 0 hadi 2π. Ikajibu: 0. Lakini 2 + cos x haishuki chini ya 1 wala haizidi 3, kwa hiyo grafu yote imekaa juu ya mhimili. Eneo litakuwaje sifuri? Jibu sahihi ni 2π/√3, takriban 3.6276. Tulipochimba, tukakuta fomyula iliyotumika ina tan(x/2), ambayo hukatika x inapofika π. Programu ilichukua thamani ya fomyula mwishoni, ikapunguza ya mwanzoni, ikauruka ufa wa katikati.

Toleo la zamani lilikuwa likijibu sawasawa. Kati yake na la sasa palikuwa na mabadiliko yapatayo 1,000, nasi hatukuyasoma yote. Tulijaribu programu ilivyokuwa kwenye badiliko la katikati, tukatupa nusu isiyo na kosa, tukaendelea hivyo. Majaribio 10 yakatosha kumnasa mkosaji.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache. Tukayatuma kwa mbwembwe, mhakiki, anayekagua marekebisho kabla hayajapokelewa, akauliza: na mpaka ukiwa 4π? Hapo nyufa ni mbili, na sisi tulikuwa tumeziba mmoja. Tulirudi kimyakimya kuandika upya, safari hii pamoja na jaribio la kudumu ili kosa lisirudi.

Mheshimiwa, kuijenga programu nzima kutoka kwenye msimbo hula saa kadhaa kwenye kompyuta zetu kuukuu. Tunaomba moja yenye nguvu. Pia utusemee kwa walimu: jibu la mwanafunzi likipishana na la programu, likaguliwe kwanza kabla hajakatwa alama.

Tunaomba kuwasilisha.