Mhariri, Gullin hakuwa kopi ya mtu

Mhariri, salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, huku kwetu meli ikichelewa na gazeti linachelewa lakini likifika nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Sasa ile makala yenu ya saksafoni imenikera, mwandishi kaandika eti watu wa Ulaya kwenye jazi walikopi Wamarekani tu basi, na mpiga saksafoni Lars Gullin kamtaja mstari mmoja, kwamba alikuwa teja. Ah jamani.

Huyo Gullin ni Msweden, kazaliwa 1928 kisiwa cha Gotland, mtu wa kisiwani kama mimi, udogoni alikuwa anapiga kodiani, miaka 13 yuko bendi ya jeshi na klarineti, halafu akahamia Stockholm akili yote ipo kwenye piano, tena ile ya klasiki. Saksafoni ya baritoni hakuitafuta, 1949 bendi ya Seymour Österwall ilikuwa inataka mtu wa baritoni ndo akaingia yeye. Baritoni ni lile domo la bata kubwa linalovuta shingo, sauti yake nene kama mzee anakohoa chumba cha pili, wengi wakilipuliza linakoroma tu. Gullin likawa kwake laini, yaani unaweza kusikiliza usiku watoto wamelala na hakuna anayeamka.

Mwaka 1954 gazeti la Down Beat, la huko huko Marekani, wahakiki wake wakamchagua yeye chipukizi bora wa baritoni na hakuna mtu wa Ulaya aliyekuwa amepata hiyo kabla yake. Sasa mwenye mali anampaje tuzo aliyemwibia? Mwaka uliofuata kapiga na Chet Baker, yule mpiga tarumbeta wa Marekani, alipokuja Ulaya. Na nyimbo alikuwa anatunga mwenyewe, sikilizeni Danny's Dream, inakwenda pole pole ina huzuni fulani, humo ndani unasikia ladha ya nyimbo za kale za Sweden kabisa, hiyo huipati New York hata uchimbe.

Na sisi je? Tulichukua hilo hilo jina la jazi tukalibandika Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, na kilichopigwa mle kilikuwa dansi letu wenyewe. Mbona hatusemi Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro Jazz, alikuwa anakopi?

Unga sibishi, ulimtesa miaka mingi na alikufa Mei 1976 na miaka 48 tu, bado kijana. Lakini hiyo si ndo habari yake yote mhariri, maana humo humo kwenye mateso 1964 alitoa Portrait of My Pals, kaweka vayolini pamoja na bendi, mi ile nikiiweka wife ananiuliza leo una nini mbona kimya. Hata mtoto wake Peter naye alishika baritoni hiyo hiyo ya baba.

Kwa hiyo naomba kama kuna nafasi ukurasa wa burudani mwandishi arudi aandike tena, safari hii asikilize kwanza ndo ashike kalamu, na kama hana hizo nyimbo mi ninazo kwenye flashi, nitamtumia kwa boti ya asubuhi.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba