Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Maskati

Nduu yangu,

Assalamu alaikum. Natumai nyote wazima, wewe na mkeo na watoto.

Picha uliyotuma kwenye kundi la ukoo nimeiona. Binti yako amesimama ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Oman, lile jengo lililofunguliwa mwaka 2016, nyuma yake kabati la kioo, na chini umeandika: "Tunamfundisha asili yake." Ndugu zetu wote wakaweka mioyo. Mimi sikuweka kitu. Nakujibu hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na nikiandika kule kundini utasema nakuvunjia heshima mbele ya wakwe zako.

Mtoto amependeza, mashallah. Ana paji la Bibi, lile lile. Nilipoliona nililia kwanza, hasira ikaja baadaye.

Asili yake hiyo ilikuwa hapa Amu (Lamu), mtaa wa Mkomani, ndani ya nyumba yetu, chini ya vidaka, vile vishubaka vya ukutani, na wewe ndiye uliyeitoa nje. Sisemi kwa mafumbo. Nasema kile kiti cha enzi cha mpingo, chenye nyuzi zilizosukwa mgongoni na vipande vya pembe vilivyochomekwa, na kibao chake cha kuwekea miguu. Baba alikikalia siku ya harusi yake. Wewe ulikikalia ya kwako, ukiwa unatetemeka, na mimi ndiye niliyekufuta jasho.

Bibi alisema kiende makumbusho ya hapa Amu. Ulikuwapo. Yule mzee wa makumbusho alikuwa akija alasiri na rekoda yake, Bibi anamtajia vitu kimoja kimoja, nani alikuja nacho, nani alipewa mahari yake, na akifika kwenye kiti husema, "Hiki mtakichukua nikifa, watoto wa skuli wakione." Sisi tunapita na sinia la kahawa, tunasikia. Hakuna wa kusema leo kwamba wosia ule haukuwapo.

Hoja yako ya wakati ule ulipokiuza bado naikumbuka. Ulisema nyumba ile ya makumbusho ni ya Wazungu, waliikaa maafisa wa Kiingereza walipotutawala, na kwamba tangu ilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1971 wanaoingia ni watalii, watu wa Amu wanapita nje tu kwenda gatini. Nilikujibu na nakujibu tena. Ngome pale Mkunguni ilikuwa jela mpaka mwaka 1984. Wapo wazee waliofungwa mle. Leo wajukuu wao wanasoma vitabu katika maktaba iliyo ndani ya kuta zile zile, na harusi zinafanyika uani. Jengo hufuata wanaolitumia. Tukikataa kuingia, litabaki la wageni kweli.

Tena wewe ndiye wa mwisho kusema hatuingii! Nani alikuwa akitoroka chuoni akautazame mtepe pale makumbusho? Ulisimama mbele ya ule mfano wa chombo kilichoshonwa kwa kamba za mnazi, bila msumari hata mmoja, ukawa unahesabu mishono mpaka mlinzi anakutoa. Ukarudi nyumbani ukaharibu ungo wa Mama ili utengeneze wako. Nilidhani utakwenda Matondoni ujifunze kuunda majahazi. Pengine ungekwenda, kama Baba angeishi.

Na siwa, lile baragumu la enzi, je? Bibi alitusimulia habari ya Mwana Darini wa Pate kila tulipotoka makumbusho kuiona siwa ile ya pembe ya ndovu, ndefu kuliko mtu mzima. Mfalme alimnyima siwa siku ya kumtahiri mwanawe, naye akaagiza achongewe nyingine, ili mji usikie sherehe yake. Ulikuwa ukiipenda hadithi hiyo kuliko zote. Ulikuwa ukipiga mdomo wako kama mpiga siwa mpaka tunafukuzwa darini.

Pesa za kiti najua zilikwenda wapi. Viza, wakala, tiketi. Siulizi, na niliwahi kumwambia Mama asiulize. Kijana asiye na kazi Amu ana milango michache, na mimi nilikuwa na mshahara, wewe hukuwa nao. Hilo nimelisamehe zamani.

Lile la asubuhi ile sijalisamehe. Hitima ya Bibi ilikuwa imesomwa jana yake tu, mikeka haijakunjwa. Mahamali wamekibeba kiti, kimefungwa kwa blanketi lake mwenyewe Bibi, wanashuka nacho kwenda pwani, na njia ya kwenda gatini inapita pale pale mbele ya makumbusho. Yule mzee alikuwa nje. Alikiona. Alidhani kinaletwa kwake! Akafungua mlango upande wa pili ili kipite. Wewe ukapita na yule mnunuzi wako, macho chini, wala hukumwamkia. Mzee aliyekufunza kusoma vibandiko vya makabatini, hukumpa hata shikamoo. Alisubiri mpaka boti ilipowasha injini, kisha akaufunga mlango. Alichoniambia ni hiki tu: "Huenda Mola akaleta kingine."

Watu wanasema nilikuaibisha niliposimama siku ya arobaini nikayasema haya mbele ya jamaa. Sikukuaibisha. Ningenyamaza, ingekuwa sote tumeuza. Mimi ni mkubwa wako, Bibi aliniusia mimi, na mtu aliyeusiwa hana ruhusa ya kuona haya. Mama hukasirika nikisema hivi, lakini nimelifikiria usiku na mchana na sioni nilipokosea.

Tena tazama wavuvi wa hapa kwetu. Walipoishtaki serikali kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu, Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ikakubali kwamba uvuvi wao wa jadi ni utamaduni unaolindwa na katiba. Mahakamani mtu hathibitishi jadi kwa kusema tu. Anahitaji vyombo, majina, sauti za wazee zilizohifadhiwa mahali. Kanda za Bibi ziko kule makumbusho hadi leo. Anakieleza kiti ambacho hakipo.

Mpeleke binti yako makumbusho ya Maskati, usiache. Mwonyeshe kila kitu. Lakini mlete na huku kwa Maulidi, auone msikiti wa Riyadha, aone mashindano ya punda pwani, alale nyumba ya Bibi. Chumba chako kipo, nimekipaka chokaa. Mama anauliza habari zako kila baada ya sala ya Ijumaa, hata akiwa amekukasirikia.

Yule mzee angali hai, anatembea kwa mkongojo. Mpigie simu kabla hujanipigia mimi. Halafu nitumie jina la yule mnunuzi na mji anaokaa. Nimeuliza kwa wauza vitu vya kale wa Mombasa bila kupata kitu, na wewe peke yako ndiye uliyetia sahihi kwenye ile risiti. Sitaki pesa yako, nimeanza kuweka za kwangu. Nataka jina tu, na nalitaka mwezi huu.