Baada ya sindano, nani anarudi kumuuliza mgonjwa?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu tathmini kwenye kazi ya uuguzi, maana siku hizi ukitaja tathmini watu wanafikiria ile fomu ya mwisho wa mwaka, bosi anajaza, nesi anasaini, inaingia kabatini. Hiyo ni ya utumishi, mimi naongelea ile ya mgonjwa.

Chuoni tunafundishwa hatua tano: unakusanya taarifa za mgonjwa, unatambua tatizo, unapanga, unatekeleza, halafu unatathmini. Nne za mwanzo zinafanyika, angalau kwenye karatasi. Ya tano ndo inaliwa. Mgonjwa katoka upasuaji, ukimuuliza maumivu kwa kipimo cha 0 mpaka 10 anasema 8, anachomwa sindano, faili linaandikwa "dawa imetolewa", basi. Sasa hiyo 8 imeshuka mpaka ngapi? Dawa ya mshipani unarudi ndani ya nusu saa hivi, ya kumeza kama saa moja, ukikuta bado ni 7 ujue mpango haujafanya kazi, mwite daktari, dozi iangaliwe upya, au kuna kitu kingine, labda damu inavujia ndani, labda kibofu kimejaa na hakuna aliyegusa hilo tumbo.

Halafu kuna hii "anaendelea vizuri". Asubuhi anaendelea vizuri, mchana anaendelea vizuri, usiku hivyohivyo, alfajiri mgonjwa kazidiwa watu wanakimbizana. Fungua chati yake, upumuaji mara 20 kwa dakika siku nzima, jirani yake 20, wodi nzima 20, utadhani wanapumua kwa kengele! Upumuaji unahesabiwa dakika nzima, macho kifuani na saa mkononi, na mara nyingi ndo unaobadilika mapema kabla presha haijaanza kushuka.

Najua nitaambiwa manesi wachache. Kweli kabisa, nesi mmoja na wagonjwa thelathini hawezi na simlaumu. Ila huo uchache utauthibitishaje kama matokeo hayaandikwi? Florence Nightingale, yule nesi Mwingereza, kwenye vita ya Crimea, miaka ya 1850, alikusanya takwimu za vifo vya askari na sababu zake, ikaonekana wengi walikufa kwa magonjwa sio majeraha, ndo akapata cha kuwabana wakubwa. Wewe ukienda kwa bosi na "tumechoka" utapewa pole. Nenda na idadi ya waliopata vidonda vya kulalia kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwageuza.

Ninachoomba ni kidogo tu, pembeni ya "dawa imetolewa" kwenye chati iwepo nafasi ya saa ya kurudi na jibu la mgonjwa, na makabidhiano ya shifti yafanyike kitandani, mgonjwa akisikia. Na nyie ndugu wa wagonjwa ulizeni bila woga, "sista, ile dawa imemsaidia?" Nesi anayejua kazi yake hawezi kukasirika kwa hilo.

Ni mimi,
Nesi wa wodi ya upasuaji