Hidaya haikuwa upepo tu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya kukumbushia Kimbunga Hidaya imenishinda. Eti kilipita bila madhara makubwa kwa vile kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024 kikaishiwa nguvu. Sawa, upepo uliishiwa nguvu. Mvua je?

Mimi nilikuwa kwenye basi natoka Dar naenda Lindi. Ardhi ilishashiba mvua za El Nino, Rufiji walishafurika tangu Aprili, sasa ikaja na ya Hidaya juu yake, barabara ikakatika huku Kilwa maeneo ya Somanga, daraja limeondoka, lami imemegwa inaning'inia hewani, malori yamepanga foleni huoni mwisho, watu wanalala chini ya matela, kuna mama alikuwa anapeleka ndizi mbivu Mtwara ikabidi aanze kutugawia bure maana zinamwozea, maji ya chupa bei wanajipangia tu, na konda tukimwambia angalau turudishie nusu anatuonyesha tiketi kimeandikwa nauli hairudishwi, halafu anatuuliza kwani kimbunga kaleta yeye? Hayo ndo mnaita hakuna madhara?

Vimbunga mnavipima kwa mabati yaliyong'oka. Msumbiji Machi 2019 Idai ilipopiga Beira, maji ndo yalimeza vijiji, watu wanaokolewa juu ya miti na mapaa, na mwezi uliofuata tu Kenneth ikatua Cabo Delgado, hapo ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara tumekaa roho juu. Na msituambie Tanzania haipigwi, waulizeni wazee wa Lindi habari za kimbunga cha 1952.

Halafu na ile ramani yenu ya hali ya hewa, kila siku Mtwara na Lindi zimefunikwa na tangazo la magodoro. Sisi tujue vipi kama kesho kuna mvua, tuulize godoro?

Mi nashauri hivi, mvua kubwa ikitangazwa tena kusini mpakieni huyo mwandishi wenu basi la alfajiri, siti ya nyuma kabisa pale juu ya injini, akatishiwe barabara hapohapo Somanga. Abebe chandarua na maji yake, na nauli ajilipie mwenyewe, maana hairudishwi.

Msomaji wenu,
Lindi