Barua ya wazi kwa wanovisi (watawa walio bado katika malezi) wanaopanda mlimani

Wanangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nasikia mmepanga kutoka alfajiri na kupanda mbio, ili sala zote za mchana mkazisali kwa mkupuo huko juu kikanisani. Mpango huo siupendi. Mmenisikia nikiguna mezani, basi afadhali niwaandikie sababu.

Sura ya 50 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha yetu ya kitawa, iliandikwa kwa watu kama ninyi. Ndugu aliye safarini asiache saa za sala zipite. Asali alipo, kadiri awezavyo. Aliye kazini mbali apige magoti palepale. Hakuna aliporuhusiwa msafiri kulimbikiza zaburi akazimalizie altareni. Kwa hiyo ikifika saa tatu simameni, hata kama mko kwenye mawe na mbuzi wa watu wanapita katikati yenu. Saa sita hivyo hivyo, na saa tisa. (Saa hizo zilihesabiwa tangu macheo, kama tunavyohesabu wenyewe; hamna kisingizio.) Tena Benedikto alipanga zaburi ya 120 hadi ya 128 zisaliwe katika vipindi hivyo, Jumanne mpaka Jumamosi. Fungueni Biblia muone kilichoandikwa juu ya kila moja: Wimbo wa kupanda mlima. Mkiziimba kileleni, mmeshakula na kukaa kivulini, mtakuwa mmezinyima mlima wake.

Maji bebeni wenyewe. Mwezi huu wa kumi makorongo ya Mpwapwa ni mchanga mtupu, na akina mama wa kijiji cha chini wanachota mbali. Msiwafikie na madumu matupu. Wakiwakaribisha ugali wa uwele na mlenda, kuleni. Siku hiyo asitokee wa kusema amefunga.

Kikanisa ni cha kigango, yaani tawi la parokia, si chetu. Ufunguo anao katekista; mwombeni, na yeye ndiye aanzishe wimbo.

Simu mwachieni mlezi, ibaki moja ya dharura. Sura ya 67 inamkataza ndugu aliyerudi kusimulia aliyoyaona na kuyasikia nje ya monasteri. Picha nazo ni masimulizi, tena yanayokimbia kuliko mdomo.

Halafu suruali za safari mtakazopewa stoo zirudi zimefuliwa. Msicheke, imo katika sura ya 55.

Mzee wenu wa bustanini