Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: bia ya ndoo si gongo

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nina baa ndogo Mikocheni. Haina skrini ya mpira wala muziki wa kutikisa vioo. Nauza bia za viwanda vidogo, zenye stempu ya kodi kwenye kila chupa, na mteja wangu hukaa na glasi moja muda mrefu kuliko mwenye baa anavyopenda. Jumapili ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya wanaojipikia bia nyumbani. Wanakuja na chupa zao, tunaonja kwa vikombe vidogo, tunakosoana bila kuoneana haya. Bia hizo haziuzwi, hata kwa shilingi mia.

Miezi michache iliyopita maofisa wa ofisi ambayo sitaitaja waliingia katikati ya shughuli, wakamwaga mtaroni kila chupa iliyokosa lebo ya kiwanda, na kwenye karatasi yao wakaandika neno moja: gongo. Nakuandikia wewe kwa sababu Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liko chini ya wizara yako, na nadhani wewe unaweza kuwakalisha wahusika meza moja.

Gongo hukenekwa. Pombe iliyokwisha kuchacha huchemshwa, mvuke wake ukapozwa, kikatoka kinywaji kikali. Na mtu mwenye tamaa akiongezea methanoli ya viwandani, wanywaji wanapofuka au wanakufa. Bia haipiti njia hiyo. Nafaka iliyooteshwa na kukaushwa hulowekwa kwenye maji ya moto ili wanga wake ugeuke sukari. Maji hayo huchujwa, yakachemshwa na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, yakapozwa, yakatiwa hamira inayokula sukari na kutoa kilevi na gesi. Kilevi chake kwa kawaida ni asilimia 4 hadi 6. Bibi wa Rombo anayepika mbege kwa ndizi, ulezi na gome chungu la msesewa hayuko mbali na kazi hiyo, na sijasikia harusi ya Kichaga iliyovunjwa kwa sababu yake.

Kati ya waliomwagiwa yumo mwalimu mstaafu wa kemia. Ndoo yake ya lita 20 hukaa ndani ya beseni la maji, imezungushiwa khanga iliyoloweshwa, feni inaipuliza, kwa sababu hamira nyingi za bia za namna yake hutaka nyuzi 18 hadi 22, na Dar ya Februari unaijua. Umeme ukikatika, anakimbilia barafu kwa wauza samaki. Bia yake ya kwanza ya mtama tuliionja kwa adabu, halafu binti mmoja akamwambia wazi: "Mwalimu, hii inanuka mahindi ya kuchemsha. Ulifunika sufuria?" Kweli, alikuwa ameifunika ili kubana matumizi ya gesi ya kupikia. Harufu ile hutoka na mvuke. Ukifunika unairudisha chunguni. Mwezi uliofuata alileta nyingine, safi, na kwenye kila chupa alibandika karatasi yenye tarehe, viungo na vipimo. Hizo ndizo zilizoishia mtaroni.

Serikali ilipopiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017, wengi wetu tuliunga mkono. Sidai mlango ufunguliwe wazi. Bia ya nyumbani nayo ina hatari zake: chupa iliyofungwa kabla hamira haijamaliza sukari inaweza kupasuka mkononi, na ndoo chafu huharibu kila kitu. Lakini mambo hayo mtu huyajua akiwa na pa kuulizia. Akiogopa kukamatwa, ataendelea kupika uani, peke yake.

Marekani walipita hapa. Rais Jimmy Carter alisaini sheria Oktoba 1978 iliyoruhusu kaya yenye watu wazima wawili kupika galoni 200 kwa mwaka, takriban lita 757, bila ushuru na bila kuuza. Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vya wapika bia wa nyumbani mjini Chico, alianzisha Sierra Nevada mwaka 1980, na leo ni kampuni kubwa inayolipa kodi. Sisi tuna mtama wa Dodoma na Singida. Tunachokosa ni mahali halali pa kujifunzia.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni mwongozo wa maandishi unaotenganisha kuchachusha na kukeneka, unaotaja lita ambazo kaya inaweza kupika kwa matumizi yake, na unaoruhusu uonjaji wa bure kwa watu wazima ndani ya baa yenye leseni, kwa daftari linaloweza kukaguliwa siku yoyote. Akitokea anayetaka kuuza, apewe masharti yanayolingana na lita zake. Wateja wangu wawili waliulizia, wakaonyeshwa masharti ya kiwanda kizima, maabara ikiwemo. Mtu ana ndoo tatu!

Kwa sasa uonjaji nimeusimamisha. Naomba miadi, nije na mwalimu, daftari letu na haidromita yake, kipimo cha uzito wa kimiminika, atuonyeshe mezani kwako jinsi kilevi kinavyopimwa. Dodoma tutafika kwa nauli yetu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye baa, Mikocheni, Dar es Salaam