Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wapishi wa Arusha kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Makao Makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wa dini, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wote, tunakukaribisha kwa furaha kubwa katika mkutano wetu mkuu wa mwaka. Tunafahamu kwamba majukumu yako ni mengi, na kwa kuwa umetuheshimu kwa kufika wewe mwenyewe badala ya kutuma mwakilishi, tunaomba utusikilize hadi mwisho.

Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama wachache waliokuwa wakiuza chai na maandazi jirani na Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha (AICC), wakati Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilipokuwa ikiendesha kesi zake humo. Tulianza kwa majiko ya mkaa ya kuazima. Leo tumesajiliwa, tuna masufuria makubwa, maturubai na viti vyetu wenyewe, tunaweka hisa kila wiki, tumesomesha watoto hadi vyuo vikuu, na tunathubutu kusema kwamba hakuna kikundi cha mapishi jijini hapa kinachotufikia kwa usafi na kwa kutunza muda. Mafanikio ni mengi, ila muda hautoshi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekualika kwa jambo moja. Tunasikia, vijiweni na hata kwenye meza tunazozihudumia, hoja kwamba makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yahamishwe kutoka Arusha yapelekwe mji mwingine. Wanaosema hivyo wanaeleza kwamba Mkataba wa mwaka 1999 ulitiwa saini na nchi tatu, na sasa nchi wanachama ni nane, kuanzia Kongo inayogusa Bahari ya Atlantiki hadi Somalia. Kwamba mjumbe anayetoka mbali huunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa, akitua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) bado ana safari ya gari ya karibu kilomita 50. Hoja ya ndege ni ya kweli na hatuikatai. Dawa yake, kwa maoni yetu, ni kuongeza safari za ndege KIA, uwanja ambao tunao tangu mwaka 1971.

Makao makuu yapo Arusha kwa sababu Mkataba wenyewe unaitaja Arusha, na Mkataba huo haubadilishwi mpaka nchi zote wanachama ziridhie. Jengo lipo, lilizinduliwa Novemba 2012 kwa msaada wa Ujerumani, na ndani yake kuna Sekretarieti, Bunge na Mahakama ya Jumuiya. Jumuiya ambayo michango ya wanachama wake huchelewa mara kwa mara itatoa wapi fedha za kujenga upya kile ambacho tayari inacho? Wala si haki kusema kwamba Arusha imejilimbikizia kila kitu, kwa kuwa Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu, Kamisheni ya Kiswahili ipo Zanzibar, Baraza la Vyuo Vikuu lipo Kampala, Kamisheni ya Utafiti wa Afya ipo Bujumbura na ile ya Sayansi na Teknolojia ipo Kigali. Bunge nalo hufanya vikao vyake kwa zamu katika nchi wanachama, na hilo hatujawahi kulilalamikia.

Hofu yetu ina msingi. Wazee wetu waliiona Jumuiya ya kwanza, yenye makao yake hapa hapa, ikivunjika mwaka 1977. Sisi wenyewe tuliona kesi za Rwanda zikiisha na ile mahakama kufungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Oda ya chai ya saa nne, iliyokuwa ikituamsha saa tisa za usiku kukanda unga, ilikatika. Masufuria yalifunikwa juu chini, wauza mboga wa Tengeru tuliokuwa tukichukua kwao kwa mali kauli wakatudai, na nyumba nyingi za kupangisha zikakosa wapangaji. Tunajua pia kwamba taasisi kubwa huweza kuhama, kwa sababu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikuja kwetu mwaka 2007 ikitokea Addis Ababa, ikapewa nafasi katika majengo ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Aliyekuja kwa makubaliano anaweza kuondoka kwa makubaliano, hasa asipojengewa kwake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, jambo hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia aliliandika kwenye kijitabu chake mbele yetu, akasema amelichukua. Aliyekuwa kabla yake alisema linafanyiwa kazi katika ngazi husika. Tuliandika barua ya kukumbusha, tukajibiwa kwamba barua yetu imepokelewa. Tulipiga makofi mara zote hizo, na tulipiga kwa moyo.

Safari hii tunaomba kauli ya maandishi kutoka wizara inayohusika na ushirikiano wa Afrika Mashariki, ikieleza kwamba Tanzania haitaridhia makao makuu kuhamishwa, na kwamba wajibu wa nchi mwenyeji, kuanzia ndege za KIA hadi makazi ya kudumu ya taasisi zilizopo hapa, una ratiba inayojulikana. Tunaomba pia kwamba siku jambo hili litakapojadiliwa, wapishi, madereva, wakalimani na wenye nyumba wa Arusha waitwe waseme, badala ya kusikia uamuzi redioni.

Yapo maombi mengine, likiwamo la jiko la gesi na la mkopo wa halmashauri, ambayo katibu atakukabidhi kwa maandishi. Hayo yanaweza kusubiri.

Tunakuomba, utakaposimama kutujibu kabla ya chakula, ututajie tarehe ambayo utaifikisha risala hii wizarani, na jina la ofisi ambayo katibu wetu atakwenda kuiulizia.

Tunaomba kuwasilisha.